Mguu Umekwisha

Tarehe 6 Machi

Ngongoti,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kwanza nina hasira na wewe. Napiga simu yako haiiti. Napiga ya wifi, anasema umelala. Asubuhi umelala, mchana umelala, jioni umelala, umekuwa paka? Mpaka nimekuja kusikia kwa dereva wa lori anayetuletea ngozi kwamba umeanguka kwenye ngazi ukipaka maandishi ya duka, na umeumia mguu. Dereva wa lori, mdogo wangu! Mtu baki ndiye ananipa habari za ndugu wa tumbo moja.

Sasa niambie, umeumia mguu wapi? Mguu ni neno refu, linaanzia nyongani linaishia ukuchani. Umetegua kifundo? Umevunjika? Mama nimemwambia ni kifundo tu, maana alinishika mkono na hakuniachia mpaka nimpe jibu. Macho yake yamezidi kufifia, siku hizi hata uso wangu anauona kama moshi, kwa hiyo kila unachoandika namsomea kwa sauti. Ujue hilo unaposhika kalamu.

Huku karakana inakwenda. Leo nimefuta vumbi kwenye kalibu zote, miguu yote ya mbao tunayoshonea viatu. Zako bado ziko kwenye msumari wako, mguu wa kulia na wa kushoto, zimefungwa pamoja kwa kamba vilevile alivyozifunga marehemu Baba. Mteja mmoja aliziona akauliza kama tunashona viatu vya mlingoti. Nikamwambia hiyo ni miguu ya mdogo wangu, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Ngongoti, kama wale wanaocheza ngoma juu ya miti mirefu.

Salamu kwa wifi. Niandikie leo, si kesho.

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Dada,

Punguza moto. Simu ilikuwa mfuko wa nyuma nilipoanguka, nikaikalia, imekuwa unga. Na kweli nalala sana, dawa za hapa zingemlaza hata tembo.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa naandika DUKA LA DAWA, herufi kubwa za buluu zenye kivuli cheupe, kazi safi kabisa. Nimefika DUKA LA DA, nikanyoosha mkono kuanza ile W, ngazi ikateleza. Sasa ukuta mzima wa barabara kuu unasema DUKA LA DA, na watu wanaingia kumuuliza mwenye duka ni la Da yupi. Nimemwambia ajibu kuwa ni la kwako, Da Mkubwa. Hongera kwa biashara mpya.

Mguu ni wa kushoto, chini ya goti. Mstari huu na unaofuata usimsomee Mama. Mfupa ulitokeza nje, na kidonda kimechafuka. Wanakiosha kila siku, na wakikiosha natukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Mke wangu huja akitoka kazini kwake, kule hotelini anakofua mashuka. Akiingia wodini ananukia sabuni, na wagonjwa wote wanageuza shingo.

Habari za simu tuziache kwanza. Mama akisikia sauti yangu atajua. Barua inatosha, kwenye barua naweza kujikaza.

Ngongoti


Tarehe 9 Aprili

Dada,

Hii fupi, sina nguvu ya kuandika.

Ule mguu umekwisha. Msihangaike tena, na usifunge safari, utamwachia nani Mama? Karibuni wataniruhusu niende nyumbani.

Msalimie.

Mdogo wako


Tarehe 20 Aprili

Ngongoti wangu,

Umekwisha! Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni hata aproni sijavua. Mama akasema, "Soma tena." Nikasoma tena: ule mguu umekwisha, msihangaike tena. Akapiga makofi. Akasema, "Nilijua tu, mtoto wangu mifupa yake ni migumu, kunyonya alinyonya." Jioni hiyo alikula, akamaliza sahani, akaomba nyingine. Sijamwona akila hivyo tangu niliposikia habari zako.

Basi nikashusha kalibu zako. Nilikuwa na kipande cha ngozi ya kahawia nilichokificha kwa ajili ya mteja mmoja mwenye maringo, nikasema huyo atasubiri. Ndani ya kifurushi hiki kuna viatu vyako, jozi nzima, soli ya kushonwa kwa mkono. Kile cha kushoto nimekiongezea sponji kisiginoni ili mguu uliotoka kuuguzwa usichoke. Mama ndiye aliyepaka rangi na kung'arisha. Hakuona alipopaka, alipapasa tu, kwa hiyo ukikuta alama za vidole ndani usizifute.

Anasema uje nyumbani umevivaa. Anataka akusikie unavyotembea kutoka getini. Anasema hatua zako anazijua, ndefu, halafu kama umechelewa kitu.

Dada yako mwenye furaha


Tarehe 2 Juni

Ngongoti,

Kimya. Kifurushi kilifika, posta wameniambia kilisainiwa. Viatu vimekubana? Vimekupwaya? Hupendi rangi yake? Sema lolote, hata tusi.

Kila akisikia mtu anafungua geti, Mama anatega sikio.

Dada yako


Tarehe 14 Juni

Wifi yangu mpendwa,

Naandika bila yeye kujua. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya hoteli, mapumziko ya chai. Nimejaribu kukupigia nikakata, kwa sababu sijui ningeanzaje kwa mdomo.

Wifi, mguu umekatwa. Ulioza, wakasema wakiuacha utamchukua yeye mzima. Wameukata chini ya goti, mwanzoni mwa Aprili. Aliposema umekwisha alimaanisha umekwisha, haupo. Alitaka mjue lakini hakuweza kuandika lile neno lenyewe. Alipopata barua yako ya furaha aliisoma, akaikunja, akageukia ukutani. Nikamwambia, "Waandikie uwaeleze vizuri." Akasema, "Mama amekula sahani mbili, unataka nizitapishe?"

Viatu viko chini ya kitanda. Siku vilipofika alivaa cha kulia, kikamkaa sawasawa. Halafu akaniambia, "Nipe na cha kushoto." Nikampa. Akakishika mapajani. Akaingiza mkono ndani mpaka kwenye ncha, akakaa hivyo, mkono ukiwa kiatuni, mpaka nikaogopa.

Mguu wenyewe hautaji, wifi. Namwogesha, naye anafumba macho. Kigutu hajawahi kukiangalia. Nikibadilisha bendeji ananiuliza habari za kazini, kama mashuka yalikuwa mengi, namjibu yalikuwa mengi. Mafundi wenzake walikuja mara moja, wakaongea na mimi. "Anakula vizuri? Analala?" Kama vile yeye ni mtoto mchanga na mimi ndiye mama yake. Walipoondoka alirusha kikombe.

Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Sikuombi kitu, maana sijui hata niombe nini. Nimekwambia tu kwa sababu nimeshindwa kulibeba peke yangu.

Wifi yako


Tarehe 25 Juni

Mdogo wangu,

Wifi ameniandikia. Usimgombeze. Ukimgombeza nitakuja huko nikuchape mbele yake.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Nimeshona sponji kwenye kisigino ambacho hakipo. Nikikumbuka hilo nataka kuvunja kila kitu humu ndani. Nilikwambia mwenyewe kwamba mguu ni neno refu, halafu nikasoma neno lako kama mtu anayesoma tangazo la sherehe. Ningeweza kujiuliza kwa nini mtu aliyepona anaandika mistari mitatu na hatanii. Sikujiuliza, kwa sababu sikutaka.

Nisamehe, lakini na wewe umenikosea. Hebu sema kitu kwa Kiswahili cha watu! "Umekwisha." Mafua yanakwisha. Sukari inakwisha.

Mama bado hajui. Anaendelea kutega sikio getini. Nikimwangalia nashindwa, nikitoka nje nashindwa. Niambie nifanye nini. Mimi ni dada yako mkubwa na tangu utoto nilijua la kufanya, ukianguka nilikuwa nakuinua. Sasa umeanguka mbali na mikono yangu haifiki.

Dada yako


Tarehe 12 Julai

Dada,

Ulitaka niseme. Haya.

Usiku na mchana kinaniuma kidole gumba cha mguu usiokuwepo. Kinawasha. Nikune wapi? Daktari anasema ni kawaida. Kila kitu kwao ni kawaida.

Choo chetu kina kizingiti, unakikumbuka? Kizingiti kile sikuwahi kukiona, maisha yangu yote nilikivuka tu. Sasa nasimama mbele yake na magongo nikitoka jasho. Wiki iliyopita nilianguka pale, suruali iko magotini, na mke wangu yuko kazini. Nililala sakafuni mpaka aliporudi. Alinikuta, akavua viatu akaninyanyua, ana mgongo mbovu yule. Halafu tukala. Tulikula tu, kama watu.

Kazi yangu ni ngazi, Dada. Mimi si mchoraji wa vibao vya mezani. Nilikuwa napanda, watu wananiangalia kutoka chini wakishika kofia zao. Sasa wananiangalia kutoka juu na wanasema na mke wangu: "Atakunywa chai?" Mimi nipo hapo. Mdomo haukukatwa.

Kuna fundi wa miguu ya bandia hospitalini. Alinipa mmoja, mgumu kama ndoo. Umenichubua, nimeutupa nyuma ya kabati. Anasema kigutu kinanywea, nirudi apime upya. Nimesema nitarudi. Sirudi.

Nakuomba jambo moja. Ile kalibu ya kushoto itoe kwenye msumari uichome. Sitaki kujua kwamba mguu wangu unaning'inia ukutani kwa watu.

Na Mama asijue. Mwambie nina kazi nyingi.

Halafu nimeona umeacha kuniita jina langu. Umefanya vizuri.

Mimi


Tarehe 30 Julai

Mdogo wangu,

Nimemwambia Mama. Unichukie ukitaka.

Ilikuwa hivi. Barua yako ilifika, akasikia bahasha inachanika, akasema, "Soma." Nikaanza kutunga. Nikasema unasalimia, una kazi nyingi, unapanda ngazi kutwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mbona unasoma na hugeuzi karatasi?" Nilikuwa nimezishika kurasa zote mbili, nimesahau kugeuza. Nikabanwa. Nikamweleza kila kitu, isipokuwa habari ya chooni. Hiyo ni yako.

Hakulia. Ningependa angelia. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka karakana, akapapasa misumari mmoja mmoja mpaka wako, akafungua kamba ya Baba. Akachukua ile ya kushoto, ya kulia akairudisha. Nilikuwa nimeshapanga kuichoma kama ulivyoniagiza. Sikuweza kumnyang'anya.

Tangu siku hiyo anakaa nayo mapajani na chupa ya mafuta. Anaikanda. Kisigino, unyayo, anapanda na vidole gumba kama alivyokuwa akikukanda ulipokuwa unarudi mpirani. Mbao imekuwa nyeusi kwa mafuta. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni mbao." Akasema, "Najua ni mbao. Sasa nikande nini?"

Nilirudi kwenye meza yangu nikajichoma sindano.

Anasema uje. Magongo au bila magongo. Mimi sikuambii uje, nakupa salamu zake tu.

Dada


Tarehe 21 Agosti

Dada,

Siji. Mwambie Mama siji. Alitaka kusikia hatua zangu kutoka getini, atasikia nini? Gongo, kiatu, gongo, kiatu. Atadhani ni fundi seremala.

Jana mke wangu alinikodia teksi, akasema tukapunge upepo. Tulipita barabara kuu. Lile duka limemaliziwa. Mtu mwingine ameandika W na A. W yake imelala upande, buluu haifanani, na kivuli amekiweka kushoto wakati mimi niliweka kulia. Mwenye duka alikuwa mlangoni, akanipungia mkono, akasema, "Si mbaya, eh?" Nikasema si mbaya.

Nilirudi nikalala na nguo. Dunia imemalizia kazi yangu vibaya na hakuna aliyeona.

Sina la zaidi. Mnanipenda, nalijua hilo, na halinisaidii. Naandika ukweli kwa sababu mlitaka ukweli.

Mimi


Tarehe 3 Septemba

Mdogo wangu,

Sitakuambia ujikaze. Wifi ameniomba nikutie moyo, nikatafuta moyo wa kukutia nikakuta wangu mwenyewe haupo. Mama yuko vilevile, na mafuta yake. Kila jioni namfuta mikono.

Mimi ni fundi viatu. Hakuna kingine ninachojua duniani. Nimekaa nikafikiri nini cha kushona, maana nisiposhona nitapata wazimu. Nimepata ngozi ya kondoo, laini, manyoya yake hayajanyolewa. Nataka kukishonea kigutu kiatu chake. Wifi anasema kinajigonga kwenye vitanda na milango, na ndani ya ile ndoo ya hospitali kinachubuka. Basi kivae. Kigutu nacho ni mguu, nimeshakwambia neno lenyewe ni refu.

Lakini sina kipimo. Unakumbuka wateja wa mbali wa Baba walivyokuwa wanatuma uzi? Mafundo manne: urefu, mzunguko wa juu, mzunguko wa chini, na la mwisho vidoleni. Barua hawakuandika, walituma uzi tu, na Baba aliuvuta kwenye meza akamwona mtu mzima mzima. Nitumie uzi.

Wifi amekataa kukupima. Nilimwomba, akasema mkono wake unakijua kigutu lakini ni cha kwako, upime mwenyewe au kisishonewe. Anaweza kuwa na roho ngumu wifi yangu, sikujua.

Hutaki, usitume. Ngozi haiozi, nitaisubirisha.

Dada


Tarehe 10 Oktoba

Dada,

Uzi umo ndani ya kiatu. Uutoe polepole usifungue mafundo, maana sifungi tena.

Usidhani nimepona kitu. Ngozi yako ya kondoo imekaa kichwani mwangu mwezi mzima nikiikasirikia. Kuna siku nilikata uzi, nikauweka kitandani, nikaishia kuuangalia. Siku nyingine nilifungua bendeji nusu nikafunga. Jana mke wangu alitoka kwenda kazini, na kabla hajafunga mlango akasema, "Uzi uko dirishani," kama mtu anayekwambia chai iko kwenye chupa. Nikamchukia mpaka alipopotea kwenye kona ya mtaa.

Halafu nikakaa kitandani, nikafungua yote.

Nilidhani nitaona kitu cha mtu mwingine. Nilidhani nitatapika. Ni kidogo, Dada. Kina mshono kama mdomo uliofungwa, na vinyweleo ni vyangu, na lile kovu la baiskeli liko palepale chini ya goti, walikata chini yake kidogo. Nikakishika. Kilikuwa cha moto. Sikujua kwa nini nilitegemea kitakuwa baridi. Nililia sana, nikapima huku nalia, kwa hiyo fundo la pili linaweza kuwa limepotoka, acha nafasi kidogo.

Fundo la kwanza ni kutoka goti mpaka mwisho. La pili ni mzunguko wa juu. La tatu ni mzunguko wa mwisho wake, pale penye mshono, usibane. La nne usilitafute.

Kwa yule fundi wa bandia nitarudi au sitarudi, bado sijui. Kizingiti cha choo kiko palepale. Kidole gumba kinawasha hata sasa ninapoandika. Sitaki mtu aje kunipongeza.

Kiatu ulichokuta uzi ndani yake ni cha kushoto. Nakirudisha. Mpe Mama akivalishe ile mbao, imekaa uchi siku nyingi. Alama za vidole vyake sikuzifuta. Cha kulia nimebaki nacho, nimekivaa leo, kimenikaa.

Ukimaliza kupima, chonga kalibu nyingine kwa vipimo hivi. Iwe fupi kama ilivyo. Ifunge pamoja na ile ya kulia kwa kamba ya Baba, uitundike kwenye msumari wangu, mteja akiuliza umwambie ni ya nani.

Sasa muite Mama akae karibu, umsomee mstari huu kwa sauti, bila kuruka neno, na ukurasa ugeuze asikie: mguu umekwisha.

Akisema "Soma tena," msomee tena.

Ngongoti